Mafuta ya Sangara Kwenye Gavana

Nianze kwa kujisifu, maana nisipojisifu mwenyewe sioni nani atanifanyia kazi hiyo. Miaka ile ya tisini, kuanzia Kirumba mpaka Buhongwa, hapakuwa na fundi aliyejua kusikiliza injini ya dizeli kunizidi. Walikuwapo wenye spana nyingi kuliko zangu. Walikuwapo wenye gereji za ukuta na geti la chuma. Lakini likija gari lenye mlio usioeleweka, wote waliishia kumwambia dereva, "Mpelekee yule mama." Walisema kwa kununa, ila walisema.

Kazi niliisomea katika karakana ya kampuni moja ya umma ya usafirishaji, mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliosema wiki mbili hazitaisha kabla sijakimbia. Nilikaa miaka kumi na moja. Soko huria lilipoingia, kampuni ikapunguza watu, halafu ikawapunguza waliobaki, mwisho likabaki geti na mlinzi wake. Nikachukua barua yangu, nikapanga kiwanja nyuma ya duka la mbao pale Kirumba, nikaweka meza ya chuma na mabati manne juu, nikaendelea na kazi kana kwamba aliyefilisika si mimi. Wanaume wengi niliotoka nao walikaa nyumbani mwaka mzima wakisubiri kuitwa tena. Mimi sikuwa na subira ya namna hiyo.

Wateja wangu walikuwa magari ya samaki. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa, sangara alikuwa anatakiwa kila mahali, na kila mwenye mtaji alinunua lori dogo la Kijapani la mtumba, akalifunga sanduku la barafu mgongoni, akalituma mialoni kwa wavuvi. Yalikuwa magari ya zamani, yamechoka kwao, yanakuja kuanza maisha upya kwetu. Nami niliyapenda, kwa sababu gari la zamani halifichi kitu ukiwa na uvumilivu nalo.

Nieleze jambo moja la vyuma, asiyependa vyuma avumilie kidogo. Pampu za dizeli za magari yale zilikuwa na gavana, yaani kidude cha kuizuia injini isikimbie ovyo. Nyuma ya pampu kuna kikombe cha bati kinachofunikwa kwa skrubu nne, na ndani yake kumewambwa kipande cha ngozi, chembamba, cha mviringo. Injini inapovuta hewa, mvuto ule unaifikia ngozi kwa kimpira chembamba. Injini ikizidi mwendo, ngozi inavutwa, inapunguza dizeli. Ikipungua mwendo, ngozi inalegea, dizeli inaongezeka. Ndiyo maana ukiondoa mguu kwenye mafuta gari linabaki na muungurumo mmoja wa chini, ule tunaouita sailensi. Kazi yote hiyo inategemea ngozi iwe laini. Ngozi ikikauka inachelewa: injini inapanda, ngozi inakuja kuvuta baadaye, tena kwa nguvu, injini inashuka karibu kuzima, halafu ngozi inaachia ghafla na safari ya juu inaanza upya.

Kule karakana tulikuwa na mafuta maalumu ya kulainishia ngozi zile, kopo dogo lililokuja na meli. Kopo likaisha, lingine halikuja. Mafundi wengi mjini wakawa wanapaka oili ya injini, ngozi ikavimba na kulegea kama kitambaa cha kudekia. Mimi nikatumia akili yangu. Kwetu Majita, mama alitubeba sote saba kwa mbeleko ya ngozi ya ndama aliyoachiwa na mama yake, na kila baada ya siku mbili tatu aliipaka mafuta ya kambale au ya kamongo, chochote kilichopatikana. Ngozi ile ilikuwa laini, ukiikunja inakunjika. Nikasema, mafuta ya samaki yakibeba watoto saba, yatashindwa na pampu? Nikaenda Mwaloni kwa kina mama wanaochemsha mafuta ya sangara, nikachukua ya juu yaliyo safi, nikayachuja kwa kitambaa mara mbili, nikazilowesha ngozi za gavana siku nzima.

Magari yakatulia. Nasema yakatulia, mpaka dereva anashuka na kuinama kusikiliza kama injini imezima. Habari zikaenea. Madereva walikuja kutoka Magu na Misungwi wakitaka "yale mafuta ya mama". Mafundi wengine walituma watu kunipeleleza, wakaiga, wakadai ni yao. Sikujali, maana kila mtu alijua yalianzia wapi. Kichwa kilivimba, sitakataa. Jioni nilipita barabarani kwa ovaroli yangu chafu makusudi, wanione.

Karibu mwaka na nusu baadaye, Alhamisi moja mchana, akaingia kiwanjani mzee mmoja aliyekuwa dereva wa kampuni yetu ileile ya zamani. Alikuwa ameanza kuendesha kabla mimi sijajua kusoma. Sasa alikuwa anaendesha lori la samaki la tajiri mmoja kijana wa mjini, na lori lenyewe nilikuwa nimelitengeneza mimi pampu kabla yeye hajakabidhiwa. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye hata togwa iliyolala aliikataa. Siku hiyo alishuka polepole, kofia mkononi, na nilipomwamkia aliitikia kwa sauti ambayo sikuizoea kwake.

"Mwanangu, unga wangu unamwagika," akasema. "Nisaidie."

Akanieleza. Siku ya Jumanne alikuwa kivukoni alfajiri, gari lina barafu mgongoni, anakwenda upande wa Sengerema kuchukua samaki. Zamu yake ilipofika akateremsha gari kwenye kivuko kwa gia ya kwanza, mguu hauko kwenye mafuta. Gari likaruka lenyewe. Akakanyaga breki, lakini lilikuwa limeshapiga hatua zake. Mwenye baiskeli aliyekuwa mbele alijirusha pembeni, baiskeli ikapindika. Beseni la samaki wa kukaanga la mama mmoja likaenda majini. Hakuna aliyeumia. Lakini watu wote waliokuwa pale walipiga kelele neno moja, kwamba mzee amelewa.

"Na mimi harufu ya pombe yenyewe inanipa kichefuchefu," akasema. "Neno limefika kwa bosi kabla gari halijarudi. Limefika mpaka kanisani. Wameniambia Jumapili hii nikae nyuma kwanza, wachunguze."

Tajiri alikuwa amempa mpaka Jumamosi. Fundi akionyesha ugonjwa wa gari, mzee abaki. Asipoonyesha, aweke funguo mezani. Na mafundi wawili walikuwa wameshaliangalia. Mmoja alibadilisha chujio la dizeli, mwingine alisafisha nozo zinazopuliza dizeli, wote wakawasha na kusikiliza, wakasema gari ni zima, tatizo lipo kwenye kiti cha dereva.

Nikafungua boneti nikasikiliza. Muungurumo mmoja, wa chini, haupandi wala haushuki. Kweli gari lilikuwa zima. Nikamwambia alizime, nikamvutia kigoda.

Hapa ndipo ninapojivunia kuliko mahali pengi. Mafundi wale wawili waliiuliza injini. Mimi nilimuuliza dereva. Miaka kumi na moja karakana ilinifundisha kwamba dereva mwangalifu anajua ugonjwa wa gari lake hata kama hajui jina lake, na huyu alikuwa mwangalifu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi.

"Mzee, ulifika kivukoni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kasoro. Giza."

"Ukazima?"

"Nikazima. Foleni ilikuwa ndefu. Nimekaa pale hadi kunapambazuka, upepo wa ziwa unanipiga usoni."

"Uliwasha lini?"

"Nimewasha tu, yule wa kivuko akanipungia mkono niingie. Hata dakika mbili hazikuisha."

"Kwa hiyo injini ilikuwa ya baridi."

Akanitazama. "Ya baridi kabisa. Na siku nyingine, mwanangu, inapoanza kupanda na kushuka, ni asubuhi. Nimewaambia miezi miwili. Wananiambia inataka kupashwa moto tu."

Basi. Mafundi wale waliletewa gari limeshatembea mjini, moto, wakalipima likiwa moto. Daktari gani anamwangalia mtu wa homa wakati homa imeshuka? Nilikasirika mpaka nikatupa kitambaa chini. Nilikasirika kwa niaba ya mzee, na pia kwa sababu uzembe wa kazi ni kitu ambacho sijawahi kukizoea.

Mchana ule nilikagua yote yanayoweza kuipandisha na kuishusha injini. Nikalegeza skrubu za dizeli nione kama kuna hewa inayoingia: dizeli ilitoka nzima, haina povu. Nikavua kimpira cha mvuto, nikaziba upande mmoja kwa kidole nikaunyonya mwingine, kikanig'ang'ania ulimi, maana yake hakina tundu. Chujio la hewa lilikuwa safi. Ikabaki gavana. Mkono uliniwasha kuifungua palepale, lakini nikajizuia. Ningeifungua siku ile ningelitibu gari, na mzee angebaki bila ushahidi. Nilitaka tajiri asikie kwa masikio yake. Nikamwambia mzee aliache gari kiwanjani, mtu yeyote asiliwashe, na amwambie bosi wake afike Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Alifika, shati limepigwa pasi, uso wa mtu aliyeamshwa mapema bila sababu. Nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Nikamwambia mzee awashe, ashuke, aende akasimame kule kwenye rundo la mbao, mikono aiweke mahali tunapoiona. Akafanya hivyo. Mlango wa gari uliachwa wazi, ndani hamna mtu.

Kwanza injini iliunguruma vizuri, na tajiri akaanza kuangalia saa. Halafu ikapanda. Ikapanda mpaka sanduku la barafu likatetemeka, ikashuka mpaka nikadhani imezima, ikapanda tena kwa kishindo. Tajiri aliruka nyuma. Kisha akasogea mlangoni, akainama, akachungulia chini ya usukani kama anayemtafuta mtu aliyejificha. Pedali ya mafuta ilikuwa imetulia. Akamgeukia mzee, hatua ishirini kutoka pale, mikono yote miwili imeshika kofia.

"Inajikanyaga yenyewe," akasema.

"Ndiyo. Na Jumanne ilijikanyaga hivihivi, ikiwa kwenye gia."

Nilijisikia mtu. Sina neno lingine. Mzee alifumba macho kidogo, nikaona midomo yake inasema sala ambayo haikuwa ya masikio yetu.

Nikazima injini, nikaenda kwenye pampu. Kuna namna ya kuipima gavana kwa kidole gumba tu: unausukuma mkono wa pampu mpaka mwisho, unaziba tundu la mvuto kwa gumba, unauachia mkono. Ngozi ikiwa nzuri, mkono unarudi kidogo na kusimama, mtulivu. Huu ulishtuka, ukakwama, ukashtuka tena. Tajiri alisimama begani kwangu, mzee ameshasogea, nami nikiwaeleza kila hatua kwa sauti ya mwalimu. Nikalegeza skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikatoa kifuniko.

Harufu ilinifikia kabla ya macho. Harufu ya sangara aliyekaa.

Ngozi ilikuwa ya rangi ya chai, inang'aa kama mbao iliyopigwa vanishi. Nilipoigonga kwa kucha ililia. Mafuta yangu, yale yaliyonipa jina, yalikuwa yamekauka juu yake na ndani yake yakawa gamba, gamba linalolegea injini ikipata moto na kukakamaa ikipoa.

Na papo hapo nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekiona tangu utoto bila kukiwaza. Mdogo wetu wa mwisho alipoanza kutembea, mama aliitundika ile mbeleko ukutani. Haikupita muda mrefu ikawa ngumu kama ubao, tukaifanya ya kufunikia mtungi. Niliishika kwa mikono yangu. Kilichoilainisha ngozi ile hakikuwa mafuta peke yake; kilikuwa ni mkono wa mama uliorudi kila siku mbili tatu, ukapaka na kuisugua, na joto la mgongo wake. Ndani ya kikombe cha bati chenye skrubu nne hakuna mkono unaorudi. Niliwachukulia watu wa kwetu nusu ya ujuzi wao, nikaifungia ndani ya pampu, nikatembea barabarani nikijionyesha.

Hakuna mtu ambaye angejua. Gari lote lilinuka samaki, sanduku lilinuka, mzee mwenyewe alinuka. Tajiri akauliza, "Nini hicho?" Ningeweza kujibu kwamba ngozi imezeeka, na nisingekuwa nimesema uongo. Mzee angerudi kazini, mimi ningebaki bingwa, tungekunywa chai. Neno hilo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimeanza kuyaona kichwani magari mengine: lile la barafu linaloteremka Capripoint kila siku, la mchungaji, lile la mzee wa Magu linalobeba watoto wa shule Jumatatu. Kila moja na ngozi yake inakauka gizani. Na huyu hapa mbele yangu alikuwa ameitwa mlevi kwa ajili yangu.

"Ngozi imekauka," nikasema. "Na niliyeipaka mafuta yaliyoikausha ni mimi."

Tajiri alinitazama kwanza, halafu akacheka, si kwa furaha. "Si wewe ndiye wanayekuita bingwa?"

"Ndiye mimi."

"Na umelipata kosa lako mwenyewe."

"Nimelipata," nikasema, na mtanisamehe, hata katika aibu ile nilihisi kiburi kidogo. Wawili walishindwa kulipata, na halikuwa kosa lao.

Mzee aliichukua ile ngozi mkononi mwangu, akaigeuza, akaigonga kwa kucha kama nilivyofanya mimi, akanirudishia. Tajiri akamwambia, "Funguo baki nazo, mzee wangu," akaondoka na shati lake.

Kutengeneza kulinitoa kiburi zaidi. Ngozi mpya niliipata kwa fundi viatu, ngozi laini ya mbuzi mchanga, nikaikata kwa kufuatisha ile ya zamani. Lakini niipake nini? Mbele ya duka la mbao alikaa fundi baiskeli, mzee mdogo mwenye pampu moja ya mkono. Pampu ile ilikuwa na ngozi ndani, na ilijaza magurudumu ya mtaa mzima tangu nihamie pale. Nilikuwa nimempita kila siku kwa miaka mitatu bila kumuuliza chochote zaidi ya habari ya asubuhi, kwa sababu yeye ni wa baiskeli na mimi ni wa dizeli. Siku hiyo nikachuchumaa mbele yake.

"Ngozi ya pampu yako unaipaka nini?"

"Nyonyo," akasema, bila hata kuinua kichwa. "Nimeipaka mwaka juzi. Haikauki ile."

Nikaenda duka la dawa nikaomba mafuta ya nyonyo, chupa zote walizonazo. Yule dada muuzaji alizipanga kaunta, akaniangalia juu mpaka chini. "Mama, nyumba nzima imefunga choo?" Nikamwambia ni mji mzima. Nilikuwa sijui bado jinsi nilivyosema kweli, maana miezi miwili iliyofuata nilifungua gavana baada ya gavana, na nyingi nilizikuta na vanishi ileile. Mafundi wenzangu wakanipa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Wale walioniiga walikana kwamba waliwahi kuniiga.

Jumamosi asubuhi, injini ikiwa ya baridi, mzee akawasha. Tukasikiliza, yeye upande huu wa boneti, mimi upande ule. Muungurumo ulikuwa mmoja. Tulisubiri muda wa mtu kula ugali wake akamaliza, haukubadilika. Nikafunika boneti nikingoja ahsante yangu.

"Kazi nimerudishiwa," akasema. "Nashukuru. Lakini bosi hakuwepo kivukoni, mwanangu. Waliokuwepo wanajua mimi ni mlevi. Twende ukawaambie."

"Nitaandika barua, mzee. Upeleke kivukoni, upeleke na kanisani."

"Sikutukanwa kwa barua."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba nina kazi, kwamba nimeshakiri mbele ya tajiri, kwamba mwanamke akisema amekosea mbele ya madereva hatapewa gari tena maisha yake yote, wakati mwanaume angecheka nao wakaendelea. Hili la mwisho lilikuwa kweli na bado naliamini. Lakini yeye alikuwa ameshafungua mlango wa upande wa abiria, amesimama pembeni yake, anangoja. Nikanawa mikono, nikapanda.

Tulipofika kivukoni akazima kwenye foleni, tukakaa zaidi ya saa. Nikaona kwa macho yangu alichokuwa anakibeba. Madereva waliokuwa wakizungumza karibu na dirisha lake walihamisha mazungumzo yao. Mama mmoja mwenye beseni la samaki wa kukaanga alikuwa anapita gari kwa gari, akifika anainama na kuuza. Alipofika kwetu aliinua uso, akaliona lori, akaliruka, akaenda la nyuma. Mzee alitazama mbele tu, mikono juu ya usukani.

Kivuko kilipofika na tukapungiwa mkono, akawasha injini ya baridi. Nikateremka, nikatangulia kwa miguu. Watu walipomwona anakuja walijivuta pembeni, mmoja akapiga mluzi wa kejeli. Lori liliteremka polepole kwa sauti ileile moja, likapita kwenye bati la kivuko, likasimama mahali lilipotakiwa, bila hata kutikisika.

Nikapanda juu ya bampa. Sijui kuhutubia, nimezoea kuongea nikiwa chini ya gari. Nikapaza sauti kushinda injini ya kivuko.

"Jamani! Jumanne gari hili liliruka hapa. Mlisema mzee amelewa. Mzee hajanywa tangu azaliwe. Mimi ndiye fundi wake. Nilipaka mafuta ya sangara kwenye pampu, yakakauka, gari likawa linajikanyaga lenyewe. Kosa ni langu. Si lake, ni langu!"

Wakaangua kicheko. Mafuta ya sangara! Mmoja akauliza kama niliweka na ndimu. Dereva mwingine hakucheka. Alisogea akaniuliza kwa sauti ya chini kama na lake nililipaka. Nikalitazama, nikamjibu nililipaka, alilete Jumatatu, nitalitengeneza bure. Uso uliniwaka, na ninasema leo bila kusitasita kwamba katika kazi yote niliyowahi kufanya kwenye magari, hakuna ninayojivunia kama ile ambayo sikushika hata spana.

Mwenye beseni alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva, samaki wake kichwani.

"Kwa hiyo hakunywa?" akaniuliza.

"Hakunywa."

Akashusha beseni, akaliweka chini, akamgeukia mzee dirishani na kupiga goti kidogo, kama wanavyofanya wanawake wa kwetu.

"Shikamoo, baba."

Mzee alivua kofia kwanza, akaipangusa, akaivaa tena.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Samaki wako wa Jumanne walikuwa wangapi?"